Mpelelezi wangu anakunywa peke yake chumbani. Dar kuna mtu wa hivyo?

Dereva_RangiTatu:

Wakuu, shikamooni kwa wakubwa, wengine mambo vipi.

Mimi ni dereva wa bajaji, kijiwe changu kipo Mbagala Rangi Tatu. Zamu yangu ikiwa bado mbali huwa naandika hadithi kwenye simu. Nimefika sehemu ya 11, nimekwama.

Ni hadithi ya kipelelezi. Kuna mtu anaua wanawake, mpaka sasa wanne: Mbagala, Buguruni, Mwananyamala, wa mwisho Kigamboni. Kila maiti inakutwa imefunikwa khanga mpya. Anayemsaka ni Inspekta Sudi, miaka 44, mke kamkimbia, usingizi hana. Nimemweka chumbani na chupa, taa kazima, anaangalia mvua dirishani. Muuaji anampigia simu usiku kwa namba isiyojulikana, anacheka, anakata.

Juzi nikamsomea jamaa yangu wa kijiweni. Kasikiliza mpaka mwisho, katema kokwa ya chungwa, kaniambia: "Huyo siyo Sudi. Huyo mzungu umemvalisha jezi ya Yanga."

Nilinuna, ila usiku nikawaza. Nimepanga nyumba ya vyumba 6, choo kimoja. Nikikohoa usiku, asubuhi mama mwenye nyumba ananiuliza kama nina dawa. Mtu atalewa wiki nzima peke yake wenzake wasijue? Na muuaji je, atauaje watu wanne kwenye mitaa ambayo hata ukinunua godoro jipya wanajua bei?

Nisaidieni. Mpelelezi wa hapa mjini akivurugwa anakuwaje?

Mstaafu_wa_Jalada:

Marahaba mwanangu. Nimevaa gwanda miaka 27, mingi ya hiyo kwenye upelelezi. Kituo sikitaji.

Nianze na muuaji wako. Asikusumbue kumfanya awe na akili nyingi, majalada yatamficha. Kila kifo kinafunguliwa jalada lake kwenye eneo kilipotokea. Mbagala ni mkoa wa kipolisi wa Temeke, Buguruni ni Ilala, Mwananyamala ni Kinondoni. Juu yao ipo Kanda Maalum, ndiyo, lakini kila mkoa una mkuu wake wa upelelezi na kila askari ana rundo lake mezani. Huyu ana maiti ya mwanamke, anajua ni wivu wa mapenzi, anamtafuta mume. Yule ana maiti ya mwanamke, anajua ni vibaka. Wamarekani wa FBI walikutana San Antonio mwaka 2005 wakakubaliana kwamba watu wawili tu, wakiuawa na mtu mmoja kwa nyakati tofauti, wanatosha kumwita muuaji wa mfululizo. Sawa. Kazi ni nani ataweka jalada la Temeke juu ya la Kinondoni aseme "huyu ni mtu mmoja". Hapo ndipo hadithi yako ilipo.

Hiyo simu ya usiku irekebishe. Laini zinasajiliwa kwa alama za vidole, na zile ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa Januari 2020. Akitumia laini yake, Sudi anajua jina lake kabla ya adhuhuri. Mpe laini ya mtu mwingine, hata ya bibi yake kijijini. Utapata na sura nzima ya Sudi kusafiri kwenda kumhoji bibi asiyejua kitu.

Na sampuli ya damu usiilete na majibu yake kabla chai haijapoa. Inafungwa, inaandikiwa, inapelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na kila mkono uliyoigusa uwe kwenye maandishi, la sivyo wakili wa utetezi ataichanachana. Halafu kesi ya mauaji ni ya Mahakama Kuu, na akitiwa hatiani ni kunyongwa, ila kamba hiyo haijanyonga mtu tangu 1994. Sudi anayajua yote haya wakati anakimbia.

Sasa kuvurugwa. Mimi sikuwahi kunywa. Kuna kesi moja, sisemi mwaka, mtoto wa kiume wa mama aliyekuwa akiuza vitumbua kituo cha daladala karibu na kwangu. Hatukumpata aliyemuua. Kila asubuhi mama yule ananifungia vitumbua vitatu kwenye gazeti, hela hapokei, na hakuwahi kuniuliza hata siku moja. Angeniuliza ningejibu. Nikaanza kuamka mapema, natembea mpaka kituo cha mbele yake napandia huko. Miaka miwili. Mke wangu anadhani nafanya mazoezi, majirani wananisifia.

Gheto_Sinza:

Mzee heshima yako, lakini wengine msidanganyane. Nakaa Sinza mwaka wa tatu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta namjua kwa mlio wa geti tu. Mwambie Sudi ahamie huku atakunywa mpaka achoke. Dar siyo Uswahilini peke yake.

Mama_Cherehani:

Mmeongea weee, khanga hamjaigusa! Maiti nne zimefunikwa khanga na hakuna mwanaume aliyeuliza ni khanga gani.

Sikiliza mwanangu. Khanga inauzwa doti. Vipande viwili vimeungana, kila kimoja na pindo lake, mji wake na jina lake. Ukiinunua Mtaa wa Uhuru unaileta kwa fundi kama mimi, naikata katikati, napinda ncha. Huyo muuaji wako anafunika maiti kwa kipande kimoja. Cha pili kiko wapi?

Kiko juu ya maiti nyingine! Wa Mbagala na wa Mwananyamala ni doti moja. Jina lile lile, rangi ile ile. Ukizilaza pamoja, pale mkasi ulipoteleza huku, na kule umeteleza. Fundi naye uzi mweupe ulimwishia njiani, akamalizia na wa maziwa. Mimi hufanya hivyo mteja akiwa na haraka, wala haonekani mpaka uangalie upande wa nyuma. Mshono wangu naujua hata gizani. Fundi wa muuaji ataujua wake.

Ila usimpe Sudi aone hayo. Hataona. Mpe askari wa kike.

Jina la khanga litunge mwenyewe, usichukue la dukani ukaniharibia biashara.

Gheto_Sinza:

Mama umemkamata muuaji kabla ya Sudi 😂 Nipo paleee nasubiri sehemu ya 12.

Dereva_RangiTatu:

Mama, umenikosesha usingizi. Nimeshaweka konstebo wa kike, kazi yake kutunza vielelezo. Kaja na mfuko wa Kinondoni kuuweka kwenye kabati, anakunja khanga kama anavyokunja za kwao, mkono ukasita kwenye upindo. Hajamwambia mtu bado.

Gheto, Sinza nimekuelewa, ila nyumba ya huko sijawahi kuingia zaidi ya getini, nitadanganya.

Mzee, chupa nimeitupa. Naomba ruhusa ya vitumbua. Nimeandika hivi kwa sasa:

*Sudi alishuka kwa miguu mpaka kituo cha pili. Wenzake wa mtaani wakampungia: "Afande, mwili huo!" Akacheka nao. Daladala ilipopita kituo cha kwanza aliinama kufunga kamba za viatu. Siku hiyo alikuwa amevaa makobazi.*

Makobazi au ndala, nisaidieni hapo. Abiria wangu wa Charambe huyu kaja, narudi baadaye.

Mstaafu_wa_Jalada:

Ruhusa unayo. Weka makobazi. Na vitumbua viwe vitatu, usizidishe.