Natafuta vikao vya wanaoacha pombe Mbeya mjini, mwenye kujua anisaidie

Baba_Wawili: Wakuu habari za jioni. Naomba msaada jamani siyo matusi. Nataka kuacha pombe, nimesikia kuna vikao vya walevi wenyewe kwa wenyewe, mnakaa mnaongea, hakuna daktari wala mchungaji. Hapa Mbeya vinafanyika wapi, na mtu akifika lazima ataje jina? Maana mimi mjini hapa nafahamika. Kuombewa nimeshaombewa sana, hilo tuliweke pembeni.

Mwana_wa_Soweto: Maji ya uvuguvugu na limao kila asubuhi mkuu, utanishukuru

Mnyalu_Kihesa: Kamwene. Babu yangu huku Iringa masika ikifika alikuwa anahamia kwenye mianzi kabisa, bibi anampelekea ugali hukohuko ulanzini. Siku aliyopoteza hela ya mahari ya shangazi akaacha palepale, hakuna kikao wala nini. Ukiamua unaamua tu.

Dada_Nesi: Kaka usimsikilize huyo. Unakunywa kila siku? Mikono inatetemeka ukiamka?

Baba_Wawili: Siyo kila siku. Yaani kila siku ila siyo sana. Asubuhi nazimua kidogo tu ili niweze kushika kalamu.

Dada_Nesi: Basi usikate ghafla peke yako. Mwili uliozoea ukinyimwa ghafla, siku mbili tatu za mwanzo ndiyo mbaya, jasho, kuona vitu ambavyo havipo, mtu mzima anapata degedege na wengine wanakufa. Nenda Rufaa kitengo cha afya ya akili, kuna dawa za kukushusha taratibu na vitamini B1. Kikao kitafuata baadaye.

Mpole_Mkimya: Unavyovisema ni AA, yaani Alcoholics Anonymous, walevi wasiotajana majina, vilianzia Marekani 1935, walevi wawili, mmoja dalali wa hisa mwingine daktari wa upasuaji. Mimi nilihudhuria nikiwa kazini Nairobi. Viti vya plastiki, chai ya rangi, unataja jina la kwanza au unanyamaza, mmoja akiongea hakuna wa kumkatisha wala kumpa ushauri, mtu analia anamaliza anakaa mwingine anaanza. Ni bure, kinapita kikapu ukitaka unaweka. Sharti ni moja, uwe unataka kuacha. Kuna vya wazi hata mkeo anaingia na kuna vya wenyewe tu. Ukikosa cha karibu kuna vya Zoom, unazima kamera. Ila mbona jina linakutesa hivyo, unafanya kazi gani?

Baba_Wawili: Biashara.

Mpole_Mkimya: Biashara gani?

Baba_Wawili: Vinywaji.

Mwana_wa_Soweto: Soda?

Baba_Wawili: Haya, nina grocery, mmefurahi? Na kabla hamjaanza, siifungi, ndiyo inalipa ada na kaunta anakaa mke wangu. Nilichopanga ni hivi, Jumatatu wateja hakuna, kile chumba cha nyuma natoa makreti napanga mabenchi, kikao kinakuwa kwangu. Mabenchi fundi ameshaanza. Watu wakionekana wanaingia grocery nani atashangaa?

Mwana_wa_Soweto: 😂😂😂 fisi kaitisha kikao cha kuacha nyama, ukumbi buchani

Mtumishi77: Ndugu, hela hiyo unayosomeshea watoto imetoka kwenye machozi ya wake za watu. Tafakari.

Baba_Wawili: Mtumishi, nikifunga mimi watahamia kwa jirani, ni hatua kumi tu.

Mpima_Chai: Wakuu mnanyweshwa chai hapa, tena ya tangawizi. Nimefukua nyuzi zake, mwaka jana kwenye uzi wa walokole aliandika hajawahi kuonja pombe toka azaliwe. Leo ana grocery na anazimua. Mods futeni.

Baba_Wawili: Ule uzi shemeji yangu alikuwa anausoma, ulitaka niandikeje?

Mtumishi77: Kumbe na uongo!

Mnyalu_Kihesa: Hata kama ni chai mimi imenishika. Viroba vilipopigwa marufuku 2017 nilishangilia kuliko serikali yenyewe, nikajua nimepona, wiki hiyohiyo nikahamia komoni na nipo mpaka leo.

Dada_Nesi: Si ulisema ukiamua unaamua tu?

Mnyalu_Kihesa: Nilisema babu.

Mpole_Mkimya: Chai au siyo chai, jibu litamsaidia mwingine. Walevi wawili wenye nia wanatosha kuwa kikundi cha AA, huombi kibali kwa mtu, ila kikundi hakifungamani na dini wala biashara ya mtu. Wengi wanakodi chumba cha kanisa kwa hela kidogo na wanabaki siyo wa kanisa. Stoo yako ya bia sahau.

Baba_Wawili: Kanisani ndiyo wataniona vizuri. Na mabenchi nimeshalipia nusu.

Mama_Uyole: Nawasoma toka juu. Mimi ni mwanamke, nafundisha, hakuna anayejua hata mume. Kama wawili wanatosha nihesabuni. Ila grocery siji, nikisikia tu ile harufu ya kreti nimekwisha.

Baba_Wawili: Karibu sana dada. Nitafungua madirisha.

Mama_Uyole: Nimesema siji. Mabenchi yanabebeka kwa bajaji, mimi nitatafuta chumba huku Uyole.

Dada_Nesi: Baba Wawili, na Rufaa unaenda lini?

Baba_Wawili: Keshokutwa. Kesho kuna gari linashusha mzigo.

Mwana_wa_Soweto: Mzigo wa nini tena mkuu