Tanuru la makaa likichakaa: lijengwe upya au lizimwe?

Mleta mada: Wakuu, naomba tulijadili hili bila jazba. Tanuru kubwa la kuyeyushia chuma hubadilishwa matofali ya ndani kila baada ya miaka 15 hadi 20. Kazi hiyo hula fedha nyingi mno, na ikishafanyika mwenye kiwanda hawezi kulizima mpaka fedha yake irudi. Maana yake tofali linalopangwa leo ndilo linaloamua moshi wa 2040. Kila tani ya feleji (chuma kigumu cha viwandani) inayopitia humo huacha takriban tani 2 za hewa ukaa. Mimi nasema serikali zisitoe ruzuku hata senti kwa ukarabati huo. Mbadala upo: kule Luleå, Sweden, HYBRIT, mradi wa kutengeneza feleji bila makaa, ulianza majaribio ya haidrojeni 2020. Koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa, huyanyang'anya madini ya chuma oksijeni ikaacha kaboni dioksidi; haidrojeni huinyang'anya ikaacha mvuke wa maji.

Mchangiaji wa kwanza: Kemia umeieleza vizuri mkuu, hesabu umeiruka. Njia hiyo ya haidrojeni inataka umeme wa kama megawati-saa 3.5 kwa tani. Kiwanda cha tani milioni 4 kwa mwaka kitameza megawati 1,600, usiku na mchana. Sweden wana mabwawa na upepo, wengine je? Ukiuchota kwenye gridi ya makaa ya mawe, umehamisha bomba la moshi tu. Kampuni ya feleji ya ArcelorMittal waliahidiwa ruzuku ya euro bilioni 1.3 Ujerumani, na Juni 2025 wakaachana na mipango ya kuhamia njia hiyo kwenye viwanda vyao vya Bremen na Eisenhüttenstadt.

Mchangiaji wa pili: Mnahangaika na haidrojeni ya nini? Marekani karibu asilimia 70 ya feleji inatoka kwenye matanuru ya umeme, na humo kinachoyeyushwa zaidi ni vyuma chakavu.

Mchangiaji wa kwanza: Chakavu hakitoshi dunia nzima. Halafu kuna shaba ya nyaya na mota, ikishayeyukia humo haitoki, na feleji yenye shaba nyingi hupasuka juu ikifinyangwa ya moto. Na watu je? Port Talbot, Wales, tanuru la mwisho lilizimwa Septemba 2024 kabla tanuru jipya la umeme halijawa tayari. Ajira zimekwenda.

Mleta mada: Hilo la Port Talbot ni la kupanga ratiba vibaya, msilibebeshe teknolojia. Umeme, naam, hapo umenibana. Lakini si lazima turuke moja kwa moja. Jenga mtambo wa kuondoa oksijeni kwenye madini kwa gesi asilia, ambao tayari unachafua kidogo kuliko koki, kisha ongeza haidrojeni kadiri umeme safi unavyopatikana. Tanuru la koki halikupi nafasi hiyo.

Mchangiaji wa tatu: Nakubali, ila mtambo huo unachagua chakula: unataka madini yenye chuma cha karibu asilimia 67, na migodi mingi haifiki huko. Kabla ya kufuta ruzuku ya matofali, tuambie madini hayo yatatoka wapi.