Maven na hii excludes yake mnatuchosha! Faili nimelitoa, bado linakompailiwa

Wakuu, hili limenikera mpaka basi, naliweka hapa wazi.

Kazini tuna projekti ya Java 8 tunaihamishia Java 17. Ndani kuna faili RipotiYaZamani.java, linatumia javax.xml.bind, pakeji ambayo ilishatolewa kwenye JDK tangu Java 11 ya mwaka 2018. Ripoti zenyewe hakuna anayezitoa tena ila kulifuta siruhusiwi, bosi anasema mteja anaweza kuja kulidai. Sawa, nikaingia kwenye pom.xml (faili la mipangilio ya Maven, zana inayojenga projekti yetu), kwenye maven-compiler-plugin nikaweka excludes, yaani orodha ya mafaili ya kuachwa:

<excludes>
  <exclude>**/zamani/RipotiYaZamani.java</exclude>
</excludes>

Narani mvn compile inanitupia "package javax.xml.bind does not exist", na faili linalolalamikiwa ni lilelile nililolitoa!!

Sasa nenda kaulize. Kila mtu ni "piga mvn clean". Jamani clean inafuta folda ya target tu, ingesaidia kama kuna .class (faili lililokwishakompailiwa) ya zamani imebaki humo, hapa javac (kompaila ya Java) inasoma .java yenyewe, clean inahusikaje? Mwingine anasema njia nimekosea. Njia iko sawa, inahesabiwa kuanzia ndani ya src/main/java, ukiiandika na hiyo src/main/java mbele ndo hailingani na kitu, na Maven haikuonyi wala nini, inanyamaza tu na hilo nalo ni tatizo lingine.

Ukweli ni kwamba excludes haiizuii javac kugusa faili. Inalitoa kwenye orodha ya mafaili ambayo javac inakabidhiwa, basi, lakini Maven hiyohiyo inaipa javac -sourcepath (mahali pa kutafutia klasi zinazotajwa) inayoelekea src/main/java nzima, kwa hiyo klasi nyingine yoyote ikiitaja RipotiYaZamani javac inaingia kuitafuta humo, inaikuta, inaikompaili. Rani mvn -X compile halafu tafuta "Command line options" utaiona -sourcepath imekaa pale. Kwetu anayeitaja ni MenyuKuu.java, ana import moja ambayo hata haitumii!

Na kabla hamjaniletea -implicit:none (option ya javac), hiyo inazuia .class isiandikwe tu, makosa ya ndani ya faili yanatoka vilevile.

Kinachoniuma zaidi, Ant ya miaka hiyo (zana ya kujenga projekti iliyotangulia Maven) maelezo ya task yake ya javac yanasema waziwazi kwamba ukitaka yakompailiwe yale uliyoyataja peke yake weka sourcepath="". Maven maelezo ya excludes ni kisentensi kimoja, eti orodha ya vichujio vya kompaila. Watu wanapoteza siku nzima kwa kisentensi hicho! Na mafaili ya test hayaguswi na excludes kabisa, yana testExcludes yake, hilo nalo mpaka ulitafute.

Mwenye shida kama yangu aache kuhangaika na nyota mbili nyota moja (** na * za kwenye njia), atafute nani analitaja lile faili, aondoe hizo import, au alitoe kabisa nje ya src/main/java aliweke kwenye moduli yake. Mimi nimeiondoa ile ya MenyuKuu na imekompaili.

Kama kuna mkuu ameweza kuizima hiyo sourcepath kwa Maven bila kuhamisha mafaili, aweke pom yake hapa tuione. Wa mvn clean pitieni uzi mwingine tafadhali.