Mteja anataka kiinua mgongo chote kiende kwenye hatifungani ya miaka 20: andiko nilipangeje?

Afisa_Msaidizi: Habari wakuu. Mteja ana miaka 60 na milioni 120 za kiinua mgongo. Pensheni yake ni 800,000 kwa mwezi, matumizi 1,500,000. Mwaka huu anamalizia nyumba kwa milioni 25. Anataka zote zinunue hatifungani ya serikali ya miaka 20, yaani aikopeshe serikali kwa riba hadi iive. Andiko linakwenda kwa mshauri mkuu Ijumaa. Nianzie wapi?

Mizani: Anzia kwenye pengo lake, riba ije baadaye. Anapungukiwa 700,000 kwa mwezi, yaani milioni 8.4 kwa mwaka. Hela ya nyumba isiguse hatifungani kabisa. Milioni 25 nyingine ziende Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS (mfuko wa uwekezaji wa pamoja ambao hela yake hutoka haraka), maana kuponi ya kwanza, yaani malipo ya riba, ya hatifungani mpya inalipwa baada ya miezi sita, na matibabu hayasubiri kuponi. Zinabaki milioni 70. Kwa riba ya 12%, zinaleta milioni 8.4 kwa mwaka na pengo linazibika.

Ila usimnunulie moja. Gawa 35 kwa 35: moja inayolipa Januari na Julai, nyingine Aprili na Oktoba. Kila miezi mitatu anapokea milioni 2.1.

Kuponi_Safi: Naongezea panapoharibika mara nyingi, soko la upili, yaani kununua hatifungani kwa mtu aliyekwisha kuwa nayo. Mteja akisikia hatifungani ya zamani yenye kuponi ya 15.49%, anaitaka hiyo. Mwoneshe bei. Akiinunua kwa 115 kwa kila 100, kuponi ni 13.47% ya hela aliyotoa, na siku ya kuiva anarudishiwa 100, si 115. Tena atamlipa muuzaji riba iliyokwisha kujikusanya tangu kuponi iliyopita. Usipomweleza mapema, atakapoona kiasi kimezidi ataamini kaibiwa.

Afisa_Msaidizi: Nashukuru sana. Anasema akikwama atauza tu. Namjibuje?

Mizani: Kwa namba. Hatifungani ya miaka 20 yenye kuponi ya 12% iliyonunuliwa kwa 100: soko likianza kudai riba ya 13%, bei inashuka hadi karibu 92.93. Kwenye milioni 35 ni hasara ya kama milioni 2.5, kabla ya ada ya dalali. Asipouza hapotezi kitu, kuponi inaingia vilevile. Ndiyo maana zile milioni 25 za ukwasi nazipigania.

MamaHazina: Mwanangu, hesabu ya Mizani ni sahihi kwa mwaka wa kwanza, lakini kuponi haipandi. Mfumuko wa bei ukiwa 4%, laki 7 hiyo mwaka wa 20 itanunua vitu vya kama laki 3.2 za leo. Andika hilo waziwazi, na pendekeza masalia ya ukwasi yarudishwe kwenye uwekezaji kila mwaka.

Jingine, mrithi. Ana miaka 60, hatifungani inaiva akiwa na 80. Uliza kama akaunti ya dhamana (inayotunza hatifungani zake) ifunguliwe kwa jina lake peke yake au pamoja na mwenzi wake, kwa sababu ikiwa yake peke yake, akifariki familia itasubiri msimamizi wa mirathi ateuliwe mahakamani.

Na wewe kama huna leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, pendekezo atoe mshauri mkuu. Wewe andika kumbukumbu ya kikao siku hiyohiyo: alichoomba, alichoelezwa kuhusu kuuza mapema, alichochagua, na saini yake.