Tupeane uzoefu: ni kitu gani mwilini au kichwani mwako kiliwahi kukufanya uwawaze watu wa kale?

Msee_wa_Jeri (mwanzisha mada)

Wadau, kabla hamjasoma zaidi fanyeni hivi. Laza mkono mezani, kiganja kikiangalia juu. Gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, halafu kunja kifundo kidogo. Ukiona kano imejitokeza katikati, una msuli ambao wataalamu wanasema uliwafaa zaidi mababu wa kale sana waliokwea na kuning'inia mitini. Usipoiona usikimbilie hospitali. Inakadiriwa watu kama 14 kati ya 100 duniani hawana, ingawa tafiti nyingi za Afrika zimekuta wasionao ni wachache zaidi, na mikono yao inafanya kazi sawasawa. Madaktari wa upasuaji hata huitoa kano hiyo wakarekebishia nyingine iliyokatika.

Mimi ninayo mkono wa kulia, wa kushoto hamna. Nilifundishwa haya ndani ya matatu, Barabara ya Jogoo hapa Nairobi imefungana, na jirani yangu alikuwa mwanafunzi wa udaktari asiyejua kunyamaza. Basi nikaingiwa na hamu, nikaenda Makumbusho ya Taifa kumwona yule Kijana wa Turkana. Mtafuta visukuku Kamoya Kimeu alikiona kipande kidogo tu cha fuvu mwaka 1984, karibu na mto mkavu wa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, katikati ya changarawe ambayo mimi na wewe tungeikanyaga tukaendelea na safari. Kikafukuliwa kiunzi karibu kizima cha mtoto aliyeishi miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Meno yake yanaonyesha alikuwa na miaka 8 au 9, lakini urefu ulikuwa umekaribia sentimita 160. Mtoto wangu wa miaka 9 hanifiki kifuani!

Haya, tiririkeni. Sitaki ya kunakili mahali. Nataka yaliyokupata wewe au mtu wa nyumbani kwenu.

Soja_wa_Zamu

Mimi ni soja wa usiku Upper Hill, mchana nalala Kawangware kwenye chumba cha mabati. Kuna siku nafungua macho, naiona kalenda ukutani, namsikia mama mboga akizozana na mteja hapo nje, lakini mwili hautii. Siwezi hata kuinua kidole. Kifua kizito, pumzi fupi. Mara moja nilimwona mtu mrefu amesimama mlangoni, na mlango nilikuwa nimeutia komeo mwenyewe.

Nyumbani ni Kwale. Mama aliposikia alisema nimekabwa na jinamizi, akaniambia nisome dua na nilale kwa ubavu. Jirani akanipeleka kwa mchungaji wake, huko nikaambiwa kuna sadaka ya kufunguliwa, na kiasi kikatajwa. Nikatoka pole pole.

Daktari mmoja wa zahanati ndiye aliyenifafanulia. Ukiwa kwenye usingizi wa ndoto, ubongo huzima misuli mingi ya mwili ili usije ukainuka ukarusha mateke unayoyaota. Ikitokea ufahamu umeamka kabla misuli haijaachiliwa, unajikuta macho wazi, mwili umefungwa, na ndoto bado inaendelea chumbani. Kukosa usingizi, zamu za kubadilika na kulala chali huzidisha hali hiyo. Kwa hiyo mama alipatia kwenye habari ya ubavu. Siku hizi hunijia mara chache.

Kanjo_Mstaafu

Huyo mrefu mlangoni ni mwenye ploti. Tarehe tano ilikuwa imepita.

Msee_wa_Jeri

😂 Soja, hauko peke yako. Kule Newfoundland, Kanada, watu walisema ni bibi kizee anayekuja kuwakalia kifuani. Bahari iko katikati, hawajawahi kuonana na mama yako wa Kwale, lakini uzito ni uleule na ni kifuani palepale. Ubongo ni mmoja, kila kabila linamvika mgeni wake nguo zake.

Mkata_Nyama_Burma

Mimi nakata nyama pale soko la Burma, visu ndiyo maisha yangu. Chama chetu kiliamua kwenda Olorgesailie, ile njia ya Magadi, kilomita kama 70 kutoka mjini. Wenzangu walifuata upepo na kuchoma mbuzi. Mimi nilikwama juu ya lile daraja la mbao natazama mashoka ya mawe ya watu wa kale yaliyotapakaa chini. Ni mengi ajabu, watafiti Louis na Mary Leakey walianza kuyachimba hapo miaka ya 1940, na mengi yameachwa yalipokutwa.

Mwongozaji alikuwa na kipande cha jiwe alichokichonga mwenyewe, maana vya kale haviguswi. Nikamwambia hebu tujaribu kwa mbuzi wetu. Wadau, lilipita kwenye ngozi bila kusitasita. Kisu changu nakinoa kila alfajiri na sikuona tofauti kubwa, isipokuwa jiwe halina mpini na linamkata pia anayelishika.

Kilichonikaa kichwani ni kingine. Mashoka yale makubwa yalichongwa kwa umbo karibu lilelile kwa miaka laki nyingi. Halafu kufikia miaka kama 320,000 iliyopita, unakuta vifaa vidogo, rangi nyekundu na nyeusi za mawe, na vipande vya obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano. Hiyo obsidiani haipatikani hapo. Nyingine ilitoka hadi kilomita 95. Watafiti waliotangaza mambo haya mwaka 2018 wanasema huenda watu walikuwa wanabadilishana vitu na majirani wa mbali. Mimi sina cha huenda. Hakuna mtu anabebeshwa jiwe umbali huo bure. Hiyo ilikuwa biashara, na mteja alikuwa anajua ubora.

Nyar_Nam

Yangu si ya kuchekesha sana. Mimi na mchumba wangu tulipimwa damu kabla ya harusi, ikaonekana kila mmoja wetu amebeba jeni moja ya selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Wenyewe hatuumwi. Ila kila mtoto tutakayemzaa atakuwa na nafasi moja kati ya nne ya kupata zote mbili na kuugua. Kwetu ni Kisumu, kwao ni Busia, mbu wa pande zote mbili mnawajua.

Nilitaka kujua kwa nini sisi. Jibu liko hapahapa Kenya. Mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Gilgil, alizunguka nchi mwaka 1949 akichukua sampuli za damu. Pwani na kando ya ziwa, wenye jeni moja walikuwa wengi. Nyanda za juu zenye baridi, karibu hakuna. Mwaka 1954 akatoa ushahidi kwamba jeni moja humkinga mtu na malaria, na leo inajulikana kuwa inapunguza sana ile malaria kali inayoua watoto. Kwa hiyo mababu zangu walipona kwa kitu kilekile kinachonikosesha usingizi huku mtaani Umoja.

Shangazi yangu anasema tumwachie Mungu. Mama mkwe mtarajiwa amenyamaza. Harusi imesogezwa mbele, na tafadhali msiniulize tarehe.

Wa_Kilifi

Pole dada. Sisi Kilifi tuna pango la Panga ya Saidi. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba humo alizikwa mtoto wa miaka kama mitatu, miaka 78,000 iliyopita, kaburi la kale zaidi la binadamu wa aina yetu lililojulikana Afrika. Walimkunja magoti na kumlaza ubavu, na inaonekana kichwa kilikuwa juu ya kitu kilichooza, pengine mto. Mimi nimezika mtoto. Niliposoma habari ya huo mto nilifunga simu.

Ja_Kaloleni

Pole sana ndugu.

Niseme ya meno. Babu yangu aliyefanya kazi reli hakuwa na meno sita ya mbele ya chini. Yaling'olewa ujanani kama ilivyokuwa desturi ya Waluo, alama kwamba umekua. Wazee wengine walitoa sababu nyingine, kwamba mtu akishikwa na pepopunda taya likakaza, uji upate pa kupita. Mimi nimekuja kung'olewa gego la mwisho kwa sababu halikuwa na nafasi, nikalipia, na hakuna aliyenipigia vigelegele. Daktari alisema wa kale walitafuna vigumu toka utotoni, taya likakua likawatosha. Sisi tumelelewa kwa uji laini na mkate.

Kanjo_Mstaafu

Mimi hutikisa masikio. Misuli tunayo wote, ya kugeuzia sikio sauti inakotoka kama punda, ila kwa wengi imelala. Wajukuu hunidai kila wageni wakija. Sina lingine.

Fundi_Kamukunji

Mashine ya kukata bati ilichukua mkono wangu wa kushoto juu kidogo ya kifundo. Mkono haupo, lakini nausikia. Na si kuusikia tu, umekunja ngumi, kucha zinachoma kiganja ambacho hakipo, na siwezi kukunjua. Kinyozi akipitisha wembe shavu la kushoto, nasikia dole gumba linaguswa. Nilidhani nimerogwa.

Muuguzi akanieleza kwamba ubongo una ramani ya mwili, na sehemu ya uso imepakana na ya mkono. Mkono ukiondoka, ramani haifutiki, na jirani anaweza kuvamia shamba. Kuna daktari aitwaye Ramachandran ambaye miaka ya 1990 alitumia kioo. Unakisimamisha katikati ya kifua, mkono mzima unaonekana humo umekaa mahali pa ule uliokatika. Unakunja ngumi, unakunjua, unatazama kioo. Si wote wanaosaidika.

Kwangu ngumi inafunguka. Inarudi baadaye, lakini napata nafuu ya kulala. Shida ni kwamba kioo nimekitoa kwenye kabati la mke wangu, na amenipa hadi Jumapili nikirudishe. Anayejua bei ya kioo kizuri kule River Road aseme.