Integrali za vekta kwenye majiranukta ya tufe: kitini kibovu, mwongozo mbovu, maksi tunakatwa sisi

Habari wakuu. Huu uzi ni wa hasira, asiyetaka makelele apite kimya kimya.

Nina ugomvi na jinsi tunavyofundishwa integrali za vekta (kujumlisha vipande vidogo vidogo vya vitu vyenye ukubwa na mwelekeo) tukishatoka kwenye majiranukta ya x, y, z, zile namba za kuonyesha nukta iko wapi, na kuingia kwenye ya silinda na tufe. Kalkulasi ya vekta yenyewe sina neno nayo, ukiielewa ni tamu sana. Nina neno na vitini vinavyorithishwa mwaka hadi mwaka bila mtu kuvipitia, na wasahihishaji wanaokukata maksi kwa kufuata mwongozo uliokosewa.

Naanza na pembe. Sura ya pili ya kitini chetu inasema θ inapimwa kutoka mhimili wa z kushuka chini, na φ ndiyo inayozunguka mhimili huo. Kipande kidogo cha ujazo ni r² sin θ dr dθ dφ (r ni umbali kutoka kitovu), θ ikitoka 0 hadi π na φ kutoka 0 hadi 2π. Safi kabisa. Ukifika sura ya nne, aliyeandika (au tuseme aliyenakili) keshageuza: sasa θ ndiyo inayozunguka, φ ndiyo inayoshuka. Hakuna onyo wala mchoro mpya. Na fomula ya kipande cha ujazo kaiacha vilevile, r² sin θ!

Hebu ifanyeni wenyewe muone. θ inatoka 0 hadi 2π, na integrali ya sin θ kwenye mipaka hiyo ni sifuri. Kwa hiyo tufe lenye nusukipenyo cha mita 3, ambalo ujazo wake ni 36π, yaani takriban mita za ujazo 113, kwa mujibu wa sura ya nne halina ujazo wowote. Mwanafunzi anayefuata kitini neno kwa neno anapata sifuri, na anayejiongeza akaweka sin φ anaulizwa "umeitoa wapi hiyo?"

Najua kuna mtu anakuja kuniambia zipo desturi mbili. Nazijua. Wanafizikia huita θ ile inayoshuka kutoka z, na kiwango cha kimataifa cha ISO 80000-2 kiko upande wao. Vitabu vingi vya kalkulasi, hasa vya Marekani, huandika kinyume. Watu wa ramani nao hupima latitudo kutoka ikweta, kwa hiyo kwao ile sin inageuka cos. Zote ni halali na sina ugomvi hata na moja. Chagua yako, chora mchoro, andika mipaka ya kila pembe, kisha kaa nayo hadi ukurasa wa mwisho. Kuchanganya mbili ndani ya kitini kimoja halafu kusema wanafunzi wa siku hizi ni wazembe, hapo ndipo povu linaponitoka.

Tena hiyo r² sin θ yenyewe tunapewa kama dua ya kukariri. Hakuna anayesimama dakika chache ubaoni kuonyesha inatoka wapi, wakati ni jambo la kuchora tu. Chukua kipande kidogo ndani ya tufe. Ukisogea kwenda nje, upande wake ni dr. Ukishuka kwa pembe ndogo dθ, unatembea kwenye duara lenye nusukipenyo r, kwa hiyo upande huo ni r dθ. Ukizunguka kwa dφ, hauko umbali wa r kutoka mhimili, uko umbali wa r sin θ, ndiyo maana upande wa tatu ni r sin θ dφ. Karibu na ncha ya juu duara la kuzunguka ni dogo, kwenye ikweta ni kubwa. Zidisha pande tatu, umemaliza. Kwenye silinda, ambako ρ ni umbali kutoka mhimili, ni rahisi zaidi: dρ, ρ dφ na dz.

Na anayeelewa hivyo anajikagua mwenyewe kwa vizio. Pembe haina kizio cha urefu, kwa hiyo dr dθ dφ peke yake ni mita tu. Ukisahau r² sin θ, "ujazo" wa tufe lenye nusukipenyo R unakuwa 2π²R, na huo ni urefu, si ujazo. Mwanahisabati Jacobi aliandika kwa kina mwaka 1841 kuhusu determinanti zinazotoa vizidishio kama hiyo r² sin θ. Mwanahisabati mwingine, Lamé, mwaka 1859 akachapisha mihadhara mizima kuhusu majiranukta yaliyopinda na vipimo vya pande zake. Zaidi ya miaka 160 imepita, na sisi bado tunaambiwa "kariri, itakuja kwenye mtihani".

Sasa njooni kwenye kilichonifanya nifungue uzi.

Swali la mtihani lilikuwa hivi: nusu tufe la juu, nusukipenyo R, tafuta integrali ya r̂ dA juu ya uso wa kuba. Hapo r̂ ni vekta kizio (yenye urefu wa 1) inayoelekea nje kutoka kitovu, na dA ni kipande kidogo cha eneo la uso. Mwongozo wa kusahihishia unasema: r̂ ni vekta kizio, urefu wake ni 1, haubadiliki, itoe nje ya integrali. Inabaki integrali ya dA, ambayo ni eneo la kuba, 2πR². Jibu: 2πR² r̂.

Wakuu, hilo si jibu. Urefu wa r̂ haubadiliki, ni kweli, lakini mwelekeo wake unabadilika kila unaposogea! Kila nukta ya kuba ina r̂ yake, zimesimama kila upande kama miiba ya nungunungu. Huwezi kuitoa nje ya integrali kitu kinachobadilika ndani ya integrali. Ndiyo tofauti kubwa kati ya mfumo huu na ule wa x, y, z. Kule x̂, ŷ na ẑ zinaelekea palepale popote ulipo, kwa hiyo kuzitoa nje ni ruksa. Huku si ruksa. Na kitini hakina hata sentensi moja inayosema hivyo, nimekisoma chote.

Njia sahihi ni kuivunja r̂ kwanza: sin θ cos φ upande wa x, sin θ sin φ upande wa y, cos θ upande wa z. Ukizungusha φ kutoka 0 hadi 2π, x na y zinakufa, kwa sababu kila unaoelekea kulia una mwenzake wa kushoto. Inabaki z: R² mara integrali ya cos θ sin θ dθ kutoka 0 hadi π/2, ambayo ni nusu, mara 2π. Jibu ni πR² ẑ. Nusu ya namba ya mwongozo, na lina mwelekeo unaoeleweka, juu.

Asiyeamini hesabu atumie fizikia. Jaza mgandamizo ulio sawa p ndani ya kuba lililofungwa kitako. Kitako ni duara bapa lenye eneo πR², linasukumwa chini kwa kani ya pπR². Mgandamizo ulio sawa pande zote hauwezi kulisukuma umbo lililofungwa likaondoka lenyewe, kwa hiyo kuba lazima lisukumwe juu kwa pπR² ileile. Ingekuwa 2πR² kama mwongozo unavyotaka, ungelifunga kuba hilo chini ya gari likapaa bila mafuta.

Walioandika πR² ẑ walipata sifuri. Walioitoa r̂ nje walipata zote. Malalamiko yakapelekwa, hesabu ikaambatanishwa, jibu likarudi kwamba mwongozo ulishapitishwa na hauguswi. Basi.

Yapo mengine madogo madogo. Divajensi kwenye tufe, yaani kiasi uga (vekta iliyopo kila nukta) unavyotawanyika kwa kila kizio cha ujazo, wameandika ∂F/∂r tupu, kana kwamba r ni x mpya. Chukua uga F = r r̂: kwa fomula yao divajensi ni 1. Ya kweli, (1/r²) ∂(r²F)/∂r, inatoa 3. Flaksi, yaani kiasi cha uga kinachotoka nje kupitia uso wa tufe, ni R mara 4πR², yaani 4πR³, na ujazo ni 4πR³/3. Gawanya, unapata 3. Sehemu nyingine wanadai uga r̂/r² una divajensi sifuri, "hivyo flaksi yake kwenye uso wowote uliofungwa ni sifuri". Ukizungushia kitovu flaksi ni 4π, kila mara, uwe na tufe dogo au kubwa, kwa sababu pale kitovuni uga unalipuka na teorema ya divajensi (inayosema jumla ya divajensi ndani ni sawa na flaksi inayotoka) haiwezi kutumika kibubusa. Sheria ya Gauss ya umeme imesimama hapo hapo! Mtu anafundishaje hivi halafu muhula unaofuata afundishe uga wa umeme?

NYONGEZA: Naona wadau wameshaanza. Aliyesema "siku hizi kompyuta inafanya, ya nini kuumia", mkuu, programu nazo zina desturi zake. Nyingine inapima pembe kutoka ikweta, nyingine kutoka ncha, nyingine inataka inayozunguka itangulie. Ukiilisha pembe zilizobadilishana inakupa sifuri bila aibu wala onyo, na wewe unaipeleka kwenye ripoti.

Aliyesema "sisi tulipita humohumo na tukafaulu", hongera sana. Kama mlifaulu kwa kutoa r̂ nje ya integrali, naomba mkae mbali na matangi ya gesi.

Na kwa huyu anayejitambulisha kuwa ni mwalimu wa somo, anayenitaka niheshimu waliotangulia: shikamoo mwalimu, heshima ipo. Ila kwa kuwa umekuja kukitetea kitini, naomba unijibu jambo moja tu, hapa hapa hadharani, siyo PM. Kwenye lile jibu la 2πR² r̂, hiyo r̂ inaelekea upande gani?