Naomba ushauri: kijana aende kwa wamonaki Newark au aanze Gredi 10 hapa Nairobi?

MamaWawili_Umoja
Hamjambo wanajukwaa. Kijana wangu ana miaka 15, yuko Gredi 9, KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari ya chini, inabisha hodi. Dada yangu ni muuguzi New Jersey, Marekani, zamu ya usiku. Amenipigia kuhusu shule ya Kikatoliki mjini Newark, St. Benedict's Prep, ya wamonaki Wabenediktini. Kuna wanaolala na kuna wa kutwa. Anataka kijana akae kwake asome kutwa, na nusu ya karo atalipa yeye. Baba watoto alikubali kabla simu haijakatwa. Mimi roho inasita. Nilikuwa nimeshapanga bweni hapa hapa, mkondo wa STEM, yaani sayansi, teknolojia na hesabu. Halafu dada anasema aje na visa ya matembezi, mengine yatajipanga huko. Mwenye kuijua njia hii na hawa watawa anisaidie. Mawakala, inbox yangu muiache.

Bazenga_Ruaraka
Mama, hiyo ya visa ya matembezi ikatae leo. Visa hiyo si ya kusomea. Shule ikimkubali ndiyo inayotoa fomu ya I-20, mnalipa ada ya SEVIS, mfumo wao wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350, mnaomba visa ya mwanafunzi, F-1, kisha mahojiano ubalozi wa Marekani, Gigiri. Wataangalia kama karo ya mwaka wa kwanza ipo, kwa hivyo ahadi ya dada ije na barua na taarifa ya benki, si ujumbe wa WhatsApp. Na msidanganywe kuhusu shule za serikali za kule: mwenye F-1 anaruhusiwa miezi 12 tu, tena kwa kulipa gharama yote. Shule ya binafsi haina kikomo hicho.

Mngoni_SouthB
Dada, mimi ni Mtanzania, nimekulia Songea, Wabenediktini nawajua. Walifika Peramiho mwaka 1898. Misheni ikachomwa wakati wa Maji Maji, 1905, wakarudi wakajenga upya. Mmonaki wao huweka nadhiri ya kudumu katika monasteri yake, hahamishwi kila baada ya miaka michache kama padre wa parokia. Hiyo ya Newark ina historia ya namna hiyo: ilianza 1868, mji ukapata ghasia kubwa 1967, shule ikafungwa 1972. Baadhi ya wamonaki walihamia Morristown. Waliobaki wakaifungua tena 1973. Nyinyi mnaolia TSC, tume ya walimu, ikiwahamisha walimu mnanielewa.

Chaki_na_Ubao
Kalenda, mama. Gredi 10 hapa ni Januari, kule mwaka unaanza katikati ya mwaka. Usimkalishe nyumbani miezi yote hiyo akicheza na simu. Aanze Gredi 10 kama kawaida, akiondoka aondoke na ripoti ya muhula. Pia fikiria kurudi: akitaka chuo kikuu hapa, cheti cha nje lazima kilinganishwe kwanza. Linawezekana, lakini lina foleni zake.

Mkenya_Jerzi
Niko karibu na Newark, mtoto wa rafiki yangu alipitia hapo. Wageni huanza kwa kulala shuleni, sakafuni kwenye ukumbi wa michezo, wanafundishwa nyimbo na historia ya shule hadi waijue kama sala. Mwisho wa mwaka wa kwanza wanabeba mabegi na kutembea njia ya milimani ya Appalachian, kama kilomita 80. Kikao cha asubuhi kinaongozwa na wanafunzi wenyewe. Ukutani kuna maneno kwamba linalomuumiza ndugu yangu laniumiza mimi, na asiyefika darasani wenzake ndio humtafuta. Kama kijana ni wa kudeka, mwezi wa kwanza atakupigia akilia.

Lakini kutwa kwa anti wa zamu ya usiku? Hapana. Saa kumi na moja jioni giza la Desemba limeshaingia, anti anajiandaa kwenda kazini, mtoto anabaki na friji na runinga. Wana bweni ndani ya shule, Leahy House. Anti awe wa wikendi. Na ujue masomo yao yanakula karibu miezi kumi na moja, usimtarajie likizo ndefu Nairobi.

MamaWawili_Umoja
Asanteni sana. Dada nimemwambia kuhusu I-20, kimya kidogo, kisha "sawa". Ya bweni ndiyo imemuuma, anaona namkataza mtoto wa kwake. Sijui nimwambieje.

Mkenya_Jerzi
Mwambie tu ni zamu. Ukisema ni malezi mtagombana. Na ile nusu ya karo aihamishie bweni. Ulizeni shuleni bei na msaada kabla hamjazungumza tena.

Bazenga_Ruaraka
Pasipoti ombeni sasa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18 idhini ya wazazi inahitajika, kwa hivyo baba watoto aliyekubali haraka atie sahihi haraka pia.